Mrejesho: Muhogo wangu uliokuwa "ukichoka" kila msimu

Wakuu, niliuliza hapa kwa nini muhogo wangu unazidi kupungua mizizi ilhali napanda pingili za shamba lile lile miaka yote, na kama asili ya mbegu huwa inazeeka. Ahsanteni kwa majibu.

Aliyesema tatizo ni virusi, si asili kuchoka, alikuwa sahihi. Pingili hubeba kila kilichokuwa ndani ya mti mama, kwa hiyo ugonjwa hujilimbikiza msimu hadi msimu. Magonjwa ya virusi hapa ni mawili. Batobato unaiona kwenye majani, hujikunja na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia ndiyo mjanja: mti unaweza kusimama vizuri kabisa, ukipasua mzizi unakuta uozo mkavu wa kahawia.

Nilichofanya: miti safi niliifunga vitambaa ingali na majani, maana wakati wa kuvuna yakishapukutika huwezi kujua. Siku ya kuvuna nikapasua mizizi ya kila mti uliofungwa. Wenye doa, shina lake likachomwa. Pingili nikakata sehemu ya katikati ya shina, zenye macho matano hadi saba. Zilipochipua, zenye mabaka ziling'olewa mapema.

Mavuno yamepanda, mke wangu ndiye shahidi, ingawa si kama ya mwanzoni. Shamba la jirani bado limejaa batobato na nzi weupe, wanaosambaza virusi hivi, hawaombi ruhusa kuvuka mpaka. Sasa nataka kuchanganya Kiroba, aina ya muhogo inayovumilia michirizi. Nani wa Mkuranga ana pingili zilizokaguliwa?