Mrejesho: zile senti za duka la mjomba

Jamani, nimerudi. Niliuliza kwa nini hesabu ya duka la mjomba hapa Marikiti, Mombasa, haifungi jioni: daftari lasema hivi, programu niliyoiandika kwa lugha ya Python yasema vile. Mlionielekeza kwenye floti, yaani namba zenye nukta jinsi kompyuta inavyozitunza, mlikuwa sawa. Nilijaribu 0.1 + 0.2, ikanitolea 0.30000000000000004, nikacheka peke yangu. Kumbe kompyuta hutunza namba kwa mfumo wa mbili (0 na 1 tu), na 0.1 haiingii humo kamili.

Nikahamia Decimal, aina ya namba ya Python inayotunza desimali kama tunavyoziandika, bado ikanichezea! Nilikuwa naandika Decimal(0.1) badala ya Decimal("0.1"), na bila zile alama za nukuu, uchafu wa floti unaingia nao.

Mwishowe bei zote nahifadhi kwa senti, namba kamili: 45.50 ni 4550. Jana mjomba kahesabu mara mbili, zikalingana. Daftari lakini hajaliacha.