MJADALA: Takwimu za radoni majumbani, mpangaji yumo?

Mama Zawadi: Ndugu zangu, naishi Minnesota, Marekani, nyumba ya kupanga. Vyumba vyetu viko chini, nusu ya ukuta imezama ardhini, na wanangu wawili wanalala humo. Idara ya afya ya jimbo inasema takriban nyumba 2 kati ya 5 hapa zina radoni ya kuanzia pikokuri 4 kwa lita ya hewa (pikokuri ni kizio cha kupimia mionzi), yaani bekereli 148 kwa mita ya ujazo. Hicho ndicho kiwango ambacho serikali ya Marekani inashauri ukikifikia urekebishe nyumba. Nauliza: 2 kati ya 5 ya nyumba zipi?

Radoni ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Huzaliwa na urani iliyomo kwenye miamba na udongo, ikapenya nyufa za sakafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2009 kwamba inasababisha kati ya asilimia 3 na 14 ya saratani za mapafu, kutegemea nchi. Kwa hiyo si jambo la kupuuza, na ndiyo maana hesabu yake inaniuma.

Vipimo vingi vinavyokusanywa ni vya watu waliojipimia: anayenunua nyumba, anayeuza, aliyesikia ya jirani. Mpangaji haingii humo kirahisi, maana hata akikuta gesi, hana ruhusa ya kutoboa sakafu ya mwenye nyumba. Nikadhani dawa ni sampuli ya nasibu, yaani nyumba za kupimwa zichaguliwe kwa kura. Nikasoma zaidi, nikakuta hata tafiti za majimbo za miaka ya 1980 zilizochagua nyumba kwa nasibu ziliwachukua wenye nyumba wanaoishi ndani yake, nyumba zinazogusa ardhi, na namba ya simu iwe kwenye kitabu cha simu. Bahati nasibu ilichezwa vizuri kabisa, ila tiketi hatukupewa.

Msimamo wangu: fedha za umma zilipie kwanza utafiti unaoanzia kwenye orodha ya makazi yote, ya kupanga yakiwemo. Mnasemaje?

Baba Neema: Shikamoo Mama Zawadi. Mimi ni fundi, nafunga mabomba na feni za kutoa radoni, na napinga. Fedha hizo zinunue vipimo vya bure kwa kila anayeomba. Mnakumbuka Stanley Watras wa Pennsylvania? Desemba 1984 alikuwa akiliza king'ora cha mionzi kwenye kinu cha nyuklia alikofanya kazi, kumbe mionzi anaitoa nyumbani kwake. Walipopima wakakuta takriban pikokuri 2,700 kwa lita. Nyumba kama ile utaipata kwa nasibu lini? Mtu aombe leo, kikopo cha mkaa unaonasa radoni kikae siku chache, ajue.

Mama Zawadi: Marahaba, baba. Kwa Watras nakubali bila ubishi: nyumba iliyojaa gesi huipati kwa wastani. Lakini kumtafuta mgonjwa na kujua ugonjwa umeenea kiasi gani ni kazi mbili. Kikopo cha siku chache, kikiwekwa chini kabisa ya nyumba wakati wa baridi, milango imefungwa, kinaonyesha hali mbaya zaidi. Hakionyeshi hewa tunayovuta mwaka mzima. Utafiti wa taifa wa 1989 hadi 1990 uliacha vipimo mwaka mzima katika nyumba takriban 5,700, ukapata wastani wa pikokuri 1.25, na kama asilimia 6 tu ya nyumba zilivuka 4. Simaanishi Minnesota ni sawa na nchi nzima, udongo wetu una gesi nyingi kweli. Ila angalia data ya zamani ya jimbo hili: vipimo 919, kaunti 85. Kaunti iliyoongoza kwa wastani, Lac qui Parle, ilipimwa nyumba mbili. Mbili! Ukigawa fedha kwa orodha hiyo, umezigawa kwa kubahatisha.

Na vipimo vyako vya bure, baba, ataviomba nani? Yule yule anayesoma tangazo la Kiingereza na mwenye nyumba yake.

Mkwale: Naongeza la kwetu. Mrima Hill, kaunti ya Kwale, Kenya, ardhi ina thoriamu nyingi, madini yenye mionzi kama urani, na thoriamu hutoa thoroni, ndugu yake radoni. Nusu ya thoroni huisha kwa sekunde 56, hivyo haifiki mbali na ukuta wa udongo ulioitoa. Kipimo ukikibandika ukutani kinasoma juu, ukikining'iniza katikati ya chumba kinashuka. Kwa hiyo hata baada ya kuchagua nyumba sawasawa, bado kuna kuchagua mahali ndani yake. Mimi ningeweka pale kitanda kilipo.

Baba Neema: Mama Zawadi, hilo la tangazo la Kiingereza sina jibu. Wateja wangu wote mpaka leo ni wenye nyumba. Wewe umeshapima hapo kwako?

Mama Zawadi: Kipimo nimekiweka juzi, chumba cha watoto, kimo cha mto wa kulalia. Kitakaa miezi mitatu.