Kiwanja kilichokuwa sheli hapa Kigoma, ninunue au nikimbie?

kijana_wa_Mwanga:
Wakuu salama? Dalali kanionyesha kiwanja Kigoma mjini, bondeni kuelekea Kibirizi, bei imelegea mpaka inatia mashaka. Zamani palikuwa na sheli ikafungwa, mwenye eneo anasema matenki yaling'olewa kitambo ila nikizunguka nyuma naona vibomba viwili vya chuma vimesimama pembeni ya ukuta, virefu kuliko mtu, juu vina kofia. Jirani wa chini ana kisima cha kuchimba kwa mkono, mama mwenye nyumba anasema masika maji yananuka kama mafuta ya taa na juu yanafanya utando wa rangirangi. Nataka nijenge na nichimbe kisima changu, kuna namna ya kujua ardhi imeharibika kiasi gani kabla sijatoa hela?

dagaa_mbichi:
kiwanja karibu na ziwa halafu bei imelegea?? mwenye nacho anajua kitu 😂

PimaUdongo:
Mkuu hivyo vibomba ni vya kupumulia matenki. Kama bado vimesimama basi usishangae matenki nayo yamelala chini hapohapo, usikubali maneno ya mdomo.

Kuhusu kupima, watu wengi wanakimbilia kuchota maji ya jirani na kupeleka maabara basi, hapo utajua maji ni machafu ila hutajua uchafu umetoka wapi wala unaelekea wapi. Anza na udongo. Unachoronga kwa oga ya mkono (keekee ndefu ya kutobolea ardhi) pale palipokuwa na pampu, kwenye mdomo wa kushushia mafuta, ncha zote mbili za tenki na njia ya mabomba, maana mara nyingi kinachovuja ni maungio ya bomba, tenki lenyewe unaweza kulikuta zima. Kila unaposhuka unachukua udongo, unanusa kwa kipimo cha mvuke siyo kwa pua yako, petroli ina benzini (kemikali ya sumu iliyomo ndani yake, siyo jina la petroli) na benzini inaleta kansa ya damu.

Maji sasa. Unahitaji visima vidogo vya uchunguzi visivyopungua 3, visikae mstari mmoja, unapima kina cha maji kwenye kila kimoja na kulinganisha urefu wa midomo yake kwa levo (kifaa cha kupimia usawa), ndipo unajua maji ya chini yanaelekea wapi. Huko bondeni nakisia yanaelekea ziwani ila kukisia siyo kupima. Petroli inaelea juu ya maji, kwa hiyo bomba lenye matundu la kuingizia maji kisimani lazima lianzie juu kidogo ya usawa wa maji, ukiliweka chini kabisa mafuta yatapita juu yake na majibu yatakuja safi kumbe sivyo.

Na kumbuka ziwa lilivyopanda 2020 na 2021, huko ufukweni maji ya chini nayo hupanda na kushuka na ziwa, mafuta yanapakwa kwenye udongo juu na chini, hivyo harufu ya maji ya huyo mama kuja na kupotea kwa msimu hainishangazi kabisa.

mzee_wa_Ujiji:
Mnamtisha kijana bure. Achemshe maji atie na dawa ya kuua wadudu, sisi tumekunywa maji ya visima miaka yote

PimaUdongo:
Mzee wangu shikamoo, kuchemsha kunaua vijidudu. Benzini ukiichemsha inageuka mvuke humohumo jikoni, mnaivuta. WHO kikomo chao ni miligramu 0.01 kwa lita, kiasi hicho hata pua haikisikii.

mpima_dipu:
Nimefanya kazi sheli, naongezea. Tulikuwa tunapima dipu, yaani kina cha mafuta kwenye tenki, kila siku kwa fimbo, kwenye ncha tunapaka dawa inayobadilika rangi ikigusa maji. Tenki likianza kuonyesha maji kila masika, chunguza kwanza mfuniko, mfuniko ukiwa mzima ujue limetoboka na maji ya ardhini yanaingia, na tundu hilohilo linaloingiza maji ndilo linalotoa mafuta kiangazi. Muombe mwenye eneo madaftari ya dipu, akikosa hata moja uliza waliowahi kuuza mafuta pale wapo mtaani tu. Halafu uliza ilifungwa lini, petroli yenye madini ya risasi huku Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara iliachwa mwanzoni mwa 2006, kama iliuza kabla ya hapo mwambie maabara apime na risasi

kijana_wa_Mwanga:
Asanteni sana wakuu. Sampuli naweza kuweka kwenye chupa ya maji ya dukani nikatuma na basi? Na gharama ni ya nani?

PimaUdongo:
Hapana, chupa za kioo za maabara, unajaza mpaka kusibaki hata kapovu kamoja ka hewa, unaweka kwenye barafu, la sivyo benzini inaruka njiani. Gharama mwekee muuzaji kwenye mkataba, akikataa kupima achana nacho. Kibali cha kisima utaombea Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, wapo hapohapo Kigoma, waeleze na habari ya kisima cha jirani, na NEMC (baraza la taifa la mazingira) wajue. Huyo mama aache kunywa yale maji kuanzia leo.

Na vijana wa vyuma chakavu wakisikia kuna tenki watakuja na gesi ya kukatia, wafukuze. Tenki tupu lenye mvuke linalipuka kuliko lililojaa.