Mikono inatetemeka baada ya kupandikizwa figo: je, apumzishwe dawa za kushusha kinga?

Mwana Katuba:
Ba yaya, jambo. Niko Lubumbashi. Mdogo wangu alipandikizwa figo India, sasa ni mwezi wa nne. Anameza dawa za kushusha kinga: takrolimusi miligramu 3 asubuhi na 3 jioni, mikofenolati 500 mara mbili, na prednisoloni 10 asubuhi. Juzi kikohozi kilimkamata, kwenye kituo cha afya wakampa antibayotiki, eritromisini. Siku ya tatu mikono ikaanza kutetemeka, kichwa kinauma, sukari ya asubuhi kabla ya chai ni 210. Jirani anashauri aache dawa wiki moja, anywe mizizi ya kuongeza kinga. Tufanye nini?

Farmasi ya Usiku:
Mshukiwa wa kwanza ni eritromisini, yaya. Takrolimusi huvunjwa na kimeng'enya cha ini na utumbo kiitwacho CYP3A4. Eritromisini inakifunga, na klaritromisini, flukonazoli na ketokonazoli hufanya vilevile. Tunda la pamplemusi (balungi) pia. Vidonge vinabaki 3 na 3, lakini ndani ya damu dawa inarundikana. Kutetemeka, kichwa kuuma, sukari, presha na potasiamu kupanda ni alama zake, na figo yenyewe inaumia kwa sababu mishipa yake inabanwa.

Leo hii mpigieni daktari aliyempandikiza, mtaje jina la antibayotiki na siku alizomeza. Msipunguze dozi kwa kukisia. Wakimpunguzia, waulizeni hapo hapo ni lini itarudishwa juu: eritromisini ikiisha, ini linaamka, kiwango kinashuka, na watu wengi husahau upande huo wa pili.

Azitromisini haisumbui takrolimusi kiasi hicho. Lakini kikohozi cha mtu huyu kisitibiwe kwa kubahatisha: apigwe picha ya kifua, makohozi yapimwe kifua kikuu. Homa ikifika 38, aende hospitali usiku huohuo.

Mama Labo:
Kipimo cha takrolimusi kinaharibika kirahisi sana. Damu itolewe saa 12 baada ya dozi ya jioni, KABLA ya kumeza ya asubuhi. Alimeza saa mbili usiku? Basi atolewe saa mbili asubuhi, vidonge viwe mfukoni, ameze akishatolewa. Akimeza kwanza, namba itatoka kubwa na daktari atampunguzia bure. Tubu ni ya kifuniko cha zambarau, damu nzima, kwa kuwa dawa hii imejificha ndani ya chembe nyekundu, seramu haifai. Miezi ya mwanzo wengi hulenga 8 hadi 12 nanogramu kwa mililita, kisha wanashusha, ila fuateni lengo la hospitali yake. Siku hiyohiyo ombeni kreatinini (inaonyesha figo inavyofanya kazi), potasiamu, sukari na hesabu ya chembe nyeupe.

Dokta wa Figo:
Kuhusu jirani: hapana kabisa. Askari wa mwili waitwao chembe T wanaona figo ile kama mgeni. Takrolimusi inazima ishara ya kuwaamsha, mikofenolati inawazuia kuzaana, prednisoloni inapoza uvimbe. Mizizi ikiongeza kinga kweli, itaongeza vita dhidi ya figo. Na prednisoloni ya miezi minne haikatwi ghafla, tezi za juu ya figo, zinazotengeneza homoni ya namna hiyo, zimelala: presha inaweza kuanguka, mtu akazimia.

Hiyo 210 mimi siilaumu prednisoloni peke yake. Ikimezwa asubuhi, hupandisha zaidi sukari ya mchana na jioni. Ya kabla ya chai inanifanya nifikirie takrolimusi, ambayo inabana kongosho lisitoe insulini.

Mwana Katuba:
Asante sana, dokta. Tumepiga simu, wamesimamisha eritromisini, damu ni kesho asubuhi. Vitu gani vingine tukatae farmasini?

Farmasi ya Usiku:
Ibuprofeni na diklofenaki, zinamaliza figo. Maumivu ni parasetamoli. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inafanya kinyume cha eritromisini, inafagia takrolimusi mpaka figo inakataliwa, kwa hiyo akikutwa na kifua kikuu matibabu yapangwe na daktari wa figo. Karbamazepini, dawa ya kifafa, nayo hufagia takrolimusi vilevile. Kuhara nako kunapandisha takrolimusi, msimpe tu dawa ya kufunga tumbo mkanyamaza.

Dokta wa Figo:
Ongeza chanjo hai: homa ya manjano na surua, asichomwe. Akisafiri, aombe cheti cha daktari cha kusamehewa. Na muulizeni daktari kama alipewa ivermektini. Kuna mnyoo, strongiloidi, unaoingia kupitia miguu peku na kukaa miaka bila kelele. Chini ya prednisoloni unazaana mpaka mapafuni, na unaweza kuanza kwa kikohozi hivihivi.

Mama Labo:
Choo nacho basi kije kesho pamoja na damu, na fomu iandikwe wazi kwamba tunatafuta strongiloidi. Kipimo cha kawaida cha choo mara nyingi hakiuoni.