Hulk 181 ya 1974: ununue iliyopimwa na CGC au isiyopimwa?

Jalada_Kongwe
Wakuu, nalinganisha nakala mbili za komiki ya Marvel, The Incredible Hulk namba 181, ya Novemba 1974, ile ambayo mhusika Wolverine anatokea kikamilifu kwa mara ya kwanza. Moja imefungwa kwenye kasha la CGC, kampuni inayopima hali ya komiki, gredi 6.0 kati ya 10. Nyingine haijapimwa, bei yake iko chini, na muuzaji anadai ni "kama 7.0". Thamani halisi ya kila moja naijuaje kabla ya kulipa?

PiniMbili
Mkuu, anza na stempu. Komiki nyingi za Marvel za 1974 zilichapwa stempu ndogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na watoto waliikata wakaibandika kwenye kijitabu. Kwenye 181 ni namba 54, ya mhusika Shanna. Ikiwa imekatwa, hata jalada ling'ae vipi, gredi inaporomoka hadi mkiani, au CGC wanaipa lebo ya kijani inayotaja kasoro hiyo. Omba picha ya ukurasa huo. Muuzaji akizungukazunguka, achana naye.

Halafu karatasi: ziwe 8 zilizokunjwa katikati, yaani kurasa 32 bila jalada. Ile ya katikati iwe bado imeshikwa na pini zote mbili. Pini zikishika kutu, kutu hiyo inaingia kwenye karatasi na kuichanisha taratibu.

Gredi_Kwanza
Hiyo "kama 7.0" inajulikana kwenye mgongo wa kitabu. Taka picha zilizopigwa kwa mwanga wa pembeni, maana picha ya moja kwa moja huficha mikunjo. Mkunjo ambao haujabandua wino unaweza kunyooshwa kwa joto na mgandamizo, na gredi ikapanda. Ule ulioacha mstari mweupe hautoki.

Hofu yangu kubwa ni ukarabati. Wino uliopakwa kuficha mistari hiyo mara nyingi hupenya na kuonekana upande wa ndani wa jalada. Kingo zilizonyooka kupita kiasi kwa kitabu cha umri huo huenda zimepunguzwa kwa kisu. CGC wakigundua wanaweka lebo ya zambarau, na bei inashuka sana ukilinganisha na lebo ya buluu, ile ya kawaida isiyo ya ukarabati, yenye gredi ileile.

Mnada_Tu
Nyongeza kwenye bei. Usiangalie bei inayoombwa. Kwenye eBay chuja vilivyouzwa tu, gredi ileile, miezi ya karibuni. Penye ofa iliyokubaliwa, bei iliyokatwa mstari siyo iliyolipwa. Kumbukumbu za mnada wa Heritage ni nzuri, ila kumbuka bei zake zina ada ya mnunuzi ndani. Kitabu cha bei za komiki cha Overstreet, kinachotoka tangu 1970, nakitumia kuona pengo kati ya gredi na gredi. Bei ya mwezi huu hakikupi.

Kwa isiyopimwa, chukua bei ya muuzaji, ongeza ada ya kupima, usafiri wa kwenda na kurudi, na bima. Kisha ilinganishe na bei ya 5.0, siyo 7.0. Wauzaji hupima kwa moyo. Kama hesabu bado inalipa hapo, nunua.

Jalada_Kongwe
Na iliyofungwa, kasha linatosha kuwa ushahidi?

PiniMbili
Hapana. Mwanzoni mwa 2024 CGC walitoa orodha ya namba za vyeti zenye shaka, baada ya kubainika kuwa kuna vitabu vilivyobadilishwa ndani ya makasha. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti yao, na kama kuna picha ya upimaji linganisha kila kovu. Kagua kingo za kasha pia: nyufa au weupe usio wa kawaida ni dalili ya kufunguliwa.

Gredi_Kwanza
Kwa 181 mimi ningechukua hiyo 6.0, lebo ikiwa ya buluu. Stempu na ukarabati vimeshakaguliwa, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Kwa X-Men namba 1 ya 1991 ningesema kinyume: zilichapwa zaidi ya milioni 8, na ada ya kupima peke yake inaweza kuzidi bei ya kitabu.

Na kwa isiyopimwa, soma maandishi madogo ya mchapishaji yaliyo ndani. Marvel wameshaichapa upya 181 kwa sura ileile ya zamani, na hayo ndiyo yanayotaja mwaka.