Marejesho ya kupunguza umeme nyumbani: halmashauri mnamrudishia nani, aliye nazo?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimechoka na hii halmashauri yetu.

Walitangaza kwa mbwembwe kwamba ukiboresha nyumba itumie umeme kidogo watakurudishia sehemu ya gharama: kuzuia joto kwenye paa, kubadili hita ya maji, friji la zamani na kadhalika. Nikasema hapo sawa. Kwangu paa ni bati tupu bila dari, mchana ndani tanuri, feni haizimwi.

Sasa someni masharti. Unanunua vifaa kwa hela yako, unamlipa fundi kwa hela yako, ndipo upeleke risiti ukasubiri. Fundi lazima awe kwenye orodha yao. Piga namba hizo uone: nyingi hazipatikani, na anayepokea akisikia tu neno marejesho, bei inapanda hapo hapo. Ukivuka yote hayo unafika dirishani unakuta karatasi imebandikwa kwa selotepu, maandishi ya maka peni: FUNGU LIMEKWISHA, SUBIRINI MWAKA UJAO WA FEDHA. Niliyekwishalipa fundi nifanyeje? Yule dada wa dirishani akanionyesha karatasi kwa kidole.

Mpangaji ndiyo kabisa, asijisumbue. Fomu inataka hati ya nyumba. Mwenye nyumba naye ahangaike ya nini wakati bili hailipi yeye? Kwa hiyo hela ya umma inaenda kwa wenye akiba, ambao wangefanya hiyo kazi hata bila kurudishiwa, na nyumba zinazopoteza umeme kuliko zote zinabaki vilevile.

Kinachoniuma ni kwamba mambo yenyewe yana faida ya kweli. Taa ya LED inakula umeme pungufu kwa asilimia 75 au zaidi ukilinganisha na balbu za zamani za waya. Hita ya pampu ya joto, ile inayovuta joto la hewani na kulipeleka kwenye maji, inachemsha maji yaleyale kwa nusu ya umeme wa hita ya koili, au chini ya hapo. Kuziba mianya ya milango na madirisha ni silikoni na mpira tu, gharama ndogo, lakini kwenye fomu haimo. Labda haipendezi kwenye picha za uzinduzi.

Wangemkatia mtu punguzo palepale dukani, au wamlipe fundi moja kwa moja, na majina yaliyokosa yatangulie mwaka unaofuata. Hilo nalo linahitaji semina?

Kama kuna aliyewahi kulipwa humu, ajitokeze aseme alisubiri muda gani. Na waheshimiwa madiwani mnaopita kimyakimya: fungu lilikuwa kiasi gani, na wamelipwa wangapi?