Ngwara za kulisha kulungu Texas: zimeota vizuri, wiki ya tatu zimebaki vijiti

mtu_wa_Tengeru

Wakuu, habari za humu. Mkicheka sawa, ila mnijibu.

Mdogo wangu ameoa Marekani, mashariki mwa Texas. Baba mkwe wake ana msitu wa misonobari, na ndani yake kafyeka vishamba viwili, hakuna hata kimoja kinachofika nusu eka. Havunwi na mtu. Vinapandwa ili kulungu waje kula, na msimu wa kuwinda ukifunguliwa mzee anapanda kwenye kibanda chake cha kuotea, anatulia na bunduki. Nasema kulungu kwa kukosa neno. Dume la kwao linaangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Pongo wa hapa Meru pembe zake anakufa nazo.

Juzi dogo kanitumia picha ya mfuko wa mbegu. Ngwara! Maharage haya haya ya kutambaa yaliyotusomesha, ambayo madalali wanayapitisha mpakani Namanga kwenda Kenya kuitwa njahi. Kule mfuko umechorwa dume lenye mapembe. Nikamwonyesha mama, akaniuliza mara mbili: "Wanapanda, halafu hawavuni?"

Sasa shida. Walipanda Mei, zikaota vizuri, wiki ya tatu hakuna jani. Mzee anasema mbegu ni feki, na kwa kuwa dogo katokea kwenye ngwara, ndiye anayetakiwa kutoa jibu. Mama kasema wafunge mbuzi wao. Mwenye uzoefu anisaidie.

bwanashamba_mstaafu

Mama yako kamaliza kazi, mimi naongezea tu.

Mbegu haina kosa. Ngwara changa ikikatwa kikonyo ikiwa na majani mawili matatu, imekwisha. Ikishatambaa na kushika mizizi, hata ng'ombe akipita inachipua. Kwa hiyo wazungushie uzio wa umeme mpaka ifunge shamba, ndipo wafungue. Na nusu eka katikati ya msitu wenye wanyama wengi ni sahani moja kwenye msiba. Kama mzee ana nafasi, apanue.

Wachanganye na kunde, maana kunde zinawahi, na waweke mtama kidogo ngwara ipate pa kupanda. Kama hapo hapajawahi kuota jamii ya kunde, mbegu zipakwe wale bakteria wa mizizi kabla ya kupanda. Wanauzwa kwenye pakiti.

nilikaa_Houston

Mkuu, nimewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya aina hiyo. Mwambie dogo achukue wavu wa waya, auviringishe kama pipa, ausimike katikati ya shamba. Ndani ya wavu hawali. Baada ya wiki mbili mzee ataona mwenyewe kama mbegu ni mbovu au wageni ni wengi. Hapo ubishi na mkwe unaisha.

Halafu kuna jambo wengi wanalichanganya. Ngwara ni chakula cha kiangazi chao, wakati pembe zinakua na majike wananyonyesha. Baridi ya kwanza ya kugandisha inaiua, na msimu wa bunduki Texas unaanza Novemba. Akitegemea ngwara atakaa kibandani akitazama majani makavu. Septemba au Oktoba apande oti, ngano na klova. Klova haitaki udongo wenye tindikali, na chini ya misonobari ile ndio upo, kwa hiyo apime kwanza, amwage chokaa ya shambani.

Kibanda nacho kiwe upande ambao upepo unatoka shambani kuja kwake. Kulungu akinusa mtu, hata upande biriani haji.

Kijana_wa_Sanya

Kwa hiyo na mimi nikipanda ngwara huku West Kilimanjaro napata pofu?

bwanashamba_mstaafu

Utapata tembo. Na ukipata pofu utapata na askari wa TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Sheria ya Wanyamapori ya 2009 iko wazi: mnyama hawi wako kwa sababu amelala kwenye shamba lako. Hata huko Texas si mali ya mwenye ardhi, na leseni wanakata. Tofauti ni kwamba mwenye ardhi ndiye anaamua nani aingie.

mtu_wa_Tengeru

Asanteni wakuu. Wavu umesimikwa Jumapili, uzio mzee anasema atafikiria. Kwa jinsi dogo anavyomweleza, kufikiria kwake ni mpaka mwakani.

Mama yeye ana swali moja tu, kaniambia niwaulize: huyo mzee akinunua, ananunua kwa kilo au kwa gunia? Anazo tatu stoo.